Ubishi Wetu wa Williams

Ukiishabikia Williams, timu ya mbio za magari za langalanga (Formula 1), kwa muda mrefu unazoea kuingia kwenye ubishi ukiwa umeshashindwa nusu yake. Mwenzako anataja pointi za Jumapili iliyopita, wewe unataja makombe ya zamani, na kila aliyekaa pale anajua nani kazidiwa. Nimekaa upande huo miaka mingi. Naandika haya kwa sababu ubishi huo umenifundisha kuitazama timu inayoporomoka kwa namna ambayo jedwali la msimamo peke yake lisingenifundisha kamwe.

Tunaotazama langalanga pamoja hatufanani kwa lolote. Mzee ni mtu wa Ferrari kindakindaki, na kwa umri wake hatumkatizi akiongea, hata anapotetea mambo ambayo Ferrari wenyewe wameshayaacha. Fundi hana timu, ana injini: gari likipita anasikiliza mlio kwanza, ndipo aulize ni la nani. Dada anasimamia stoo ya vipuri kazini kwake. Alivutwa na kelele zetu, akabaki kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hajawahi kuona watu wakibishana hivyo juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukigusa. Mimi wananiita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Wakitaka kunichokoza wananiita Mwalimu wa Historia, ingawa nafundisha hesabu.

Historia yenyewe siirefushi. Frank Williams na Patrick Head walianzisha timu mwaka 1977, wakapata ushindi wa kwanza Silverstone mwaka 1979 kwa mkono wa Clay Regazzoni, na mwaka uliofuata Alan Jones akawa bingwa. Kufikia 1997 kabatini kulikuwa na makombe 9 ya timu na 7 ya madereva. Katikati ya hayo, Machi 1986, Frank alipata ajali ya gari barabarani huko Ufaransa, akapooza, akaendelea kuiongoza timu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mwaka huohuo ikachukua ubingwa. Ushindi wetu wa 114 ulikuja Barcelona Mei 2012, dereva akiwa Pastor Maldonado. Alasiri ileile, picha za pamoja zikiwa ndiyo kwanza zimepigwa, gereji ya timu ikashika moto. Wenzangu hawajaacha kunikumbusha kwamba hata furaha ya Williams lazima ifuke moshi.

Swali lililotugawa kuliko yote ni hili: timu hii ilianza kuanguka lini?

Mzee anasema mwishoni mwa 1996, pale Adrian Newey alipoondoka. Newey ndiye aliyekuwa akichora magari yaliyotupa makombe ya miaka ya 90. Alitaka hisa na sauti kwenye maamuzi, hakupata, akaenda McLaren, na McLaren wakawa mabingwa 1998. Sisi tangu 1997 hatujagusa kombe. Fundi anasema hapana, ni 2005, tulipoachana na BMW. Wajerumani walitaka kuinunua timu, Frank akakataa kuuza, wakaenda kununua Sauber. Kwa Fundi, timu isiyo na mwenye injini anayelala nayo njaa haiwezi kwenda popote, na akishasema hivyo kwake mjadala umefungwa.

Mimi nasema 2014. Kila nikisema hivyo wananicheka, kwa sababu 2014 ndio mwaka tuliomaliza nafasi ya tatu.

Hoja yangu iko hivi. Mwaka ule kanuni zilibadilika, zikaja injini mpya za haiburidi, za mafuta na umeme pamoja, na ya Mercedes ikawa mbali mno mbele ya nyingine. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye Renault na kuhamia Mercedes msimu huohuo. Mwaka uliotangulia tulipata pointi 5. Mwaka ule tukapata 320. Kule Austria madereva wetu Felipe Massa na Valtteri Bottas walipanga mstari wa mbele wa kuanzia mbio peke yao, nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Sisemi gari lilikuwa bovu. Nasema injini ilikuwa nzuri kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza gari lenyewe lina thamani gani. Timu inayoshika nafasi ya tatu haifumui kiwanda chake. Haikagui namna inavyotengeneza vitu wala haitafuti kujua mwenzake anatumia mashine gani. Wenye injini nyingine walipoanza kukaribia, kilichokuwa kimefunikwa kikaanza kuonekana.

Siku moja niliziandika pointi zetu za misimu hiyo kwenye karatasi na kuiweka katikati: 320, 257, 138, 83, 7, 1, 0. Mzee akavaa miwani, akazisoma mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, hizi si pointi. Hapa mtu anahesabu kurudi nyuma roketi iruke."

Msimu wa 2016 ulikuwa mgumu kuueleza kuliko yote, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja tulichokuwa bora duniani. Mafundi wetu wa piti walikuwa wepesi kuliko wa timu yoyote. Kwenye mbio za Baku walimbadilishia Massa matairi manne kwa chini ya sekunde 2. Nilijigamba nao kweli. Fundi akaniacha nimalize, kisha akaniuliza, "Sawa, limetoka piti haraka. Sasa linaenda wapi?" Linaenda kupitwa, ndilo jibu. Tulishuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya tano mwaka ule.

Hapo ndipo ubishi wa fedha ulipoanza, nao ulikuwa mrefu. Hoja ya mashabiki wengi wa Williams, nami nikiwemo, ilikuwa kwamba timu ndogo inayojitegemea haiwezi kushindana na makampuni ya magari yanayomwaga fedha bila kikomo. Ni kweli. Lakini Dada, aliyekuwa bado mgeni kwenye mambo haya, akauliza swali la mtu asiye na timu: je, hakuna maskini mwingine anayefanya vizuri? Alikuwepo. Force India, yenye injini ileile ya Mercedes na mfuko mdogo kuliko wetu, ilimaliza nafasi ya nne 2016 na ya nne tena 2017, sisi tukiwa wa tano nyuma yake. Nilikosa pa kupita. Mzee akaja kuniokoa bila kutaka: Julai 2018 Force India ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, naye akatangaza kwamba mfano wa Dada umefilisika.

Nadhani wote wawili walikuwa sahihi, na tangu hapo nimekuwa mwangalifu na neno "fedha" kwenye ubishi wa aina hii. Fedha zilikuwa chache, ndiyo. Lakini kulikuwa pia na namna ya kuzitumia. Force India walikuwa wananunua giaboksi kutoka Mercedes. Haas, waliokuja 2016, walinunua kutoka Ferrari kila kipande ambacho kanuni ziliwaruhusu, na 2018 wakamaliza wa tano. Williams iliendelea kujitengenezea giaboksi yake hadi 2021. Ilikuwa fahari ya nyumba: sisi ni watengenezaji, hatununui gari la mtu. Naielewa fahari hiyo, na ndiyo iliyonifanya niipende timu. Ila kila fundi anayetengeneza giaboksi ambayo ungeweza kuinunua ni fundi ambaye hayuko kwenye bawa la mbele.

Mwaka 2018 ulikuwa mbaya, na sisi mashabiki tuliufanya mbaya zaidi kwa kubishania kitu kidogo. Madereva walikuwa Lance Stroll na Sergey Sirotkin, wote vijana, wote wameingia na wadhamini nyuma yao, na kila Jumapili mjadala uliishia kwao. Dereva analipia kiti, dereva hajui kona, mtoeni, mleteni fulani. Ni rahisi kubishania dereva kwa sababu ana sura. Gari lilikuwa na injini ileile iliyompa Lewis Hamilton ubingwa mwaka ule, na bado likamaliza msimu mkiani kabisa na pointi 7. Fundi, ambaye maisha yake yote aliamini injini ndiyo gari, alikaa kimya wiki kadhaa. Kwangu huo ulikuwa ushindi mdogo, ingawa sikuwa na pa kuusherehekea.

Kisha ikaja 2019, mwaka ambao ningependa kila anayebishana kuhusu timu zilizoshuka ausome kwa makini.

Majaribio ya kabla ya msimu yalifanyika Barcelona mwezi Februari. Siku ya kwanza magari yote yakaingia njiani isipokuwa letu. Halikuwa na hitilafu, halikuwepo. Lilikuwa bado linaungwa kiwandani Grove. Tulipoteza siku mbili na nusu. Timu iliyozaliwa 1977, yenye makombe yote yale, haikumaliza kuunda gari kwa tarehe iliyokuwa ikijulikana miezi mingi kabla. Muda si mrefu, kabla hata ya mbio za kwanza, bosi wa ufundi Paddy Lowe akawa pembeni. Wenzangu wakasema basi, mkosaji amepatikana. Mimi sikuona hivyo. Mtu mmoja anaweza kuchora gari baya, lakini kulichelewesha gari zima kunahitaji watu wengi na karatasi nyingi.

Baku mwaka huohuo dereva wetu George Russell alikuwa anapita kwenye mazoezi ya kwanza, mfuniko wa mtaro ukafyatuka chini yake na kupasua sakafu ya gari. Lori likaja kulibeba. Njiani winchi ya lori ikagonga daraja, ikapasuka, ikamwaga oili juu ya gari lililokwisha kuharibika. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Nami nilicheka, nisingeweza kufanya vinginevyo. Lakini Dada aliuliza kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: "Sasa wana chesisi ngapi nyingine?"

Jibu lake lilikuja Sochi, Septemba. Russell aligonga ukuta. Muda mfupi baadaye mwenzake, Robert Kubica, akaitwa piti na kuzimishwa gari, na timu ikaeleza kwamba ilifanya hivyo ili kutunza vipuri kabla ya safari ya Japani. Sisi wengine tuliona aibu tu. Dada aliegemea mbele. Akatueleza polepole, kama anayemfundisha karani mpya, kwamba mtunza stoo haombi watu wapunguze matumizi kwa sababu rafu imepungua. Rafu hupungua kila siku. Anaomba hivyo pale anapokuwa hajui mzigo unaofuata utafika lini, au hajui kama umeagizwa. "Hawa shida yao si kipuri," akasema. "Shida yao ni kwamba hakuna anayejua kilichopo, kilichoko njiani, na kilichosahauliwa."

Alisema hayo mwaka 2019, hajasoma gazeti lolote. Nikayaweka kichwani.

Pointi pekee ya mwaka ule aliipata Kubica kule Ujerumani, kwenye mvua, baada ya magari mawili ya Alfa Romeo kuadhibiwa mbio zikiwa zimeshaisha. Kubica ambaye mkono wake wa kulia uliumia vibaya kwenye ajali ya rali mwaka 2011, na watu wakasema hatarudi. Mtu anaweza kusema pointi moja ya kupewa si kitu. Mimi huwa sijibu.

Msimu wa 2020 tulipata sifuri. Agosti familia ikaiuza timu kwa Dorilton Capital ya Marekani, na baada ya mbio za Monza mwanzoni mwa Septemba Sir Frank na binti yake Claire, aliyekuwa akiiendesha, wakaondoka. Wapo mashabiki waliolia kwamba Williams imekufa. Nilikuwa upande wa waliotaka iuzwe, na nilirushiwa maneno kwa hilo. Kwangu ukoo kubaki na jina huku watu mia kadhaa wakifanya kazi kwa mitambo iliyochakaa si heshima. Mzee, ambaye nilimtegemea anichape, akaniunga mkono. Alisema Frank alikataa kuuza mara nyingi alipokuwa na nguvu ya kukataa, na kuuza kwa wakati unaostahili nako ni uamuzi wa mwanamume. Frank alifariki Novemba 2021.

Kati ya hapo na 2023 napita haraka, isipokuwa kwa mbio za Spa 2021. Russell alishika nafasi ya pili kwenye kupanga nafasi za kuanzia mbio, mvua ikinyesha, kwa gari ambalo kwa haki lingekuwa la kumi na tano. Jumapili mvua ikazidi, magari yakazunguka mara chache nyuma ya gari la usalama, mbio zikafungwa, pointi zikagawiwa nusu. Williams jukwaani. Je, jukwaa lile linahesabika? Fundi anasema halihesabiki, hakuna aliyemkimbiza mwenzake. Mimi nasema linahesabika kwa Russell na halihesabiki kwa Williams, kwa sababu kazi ilifanyika Jumamosi na aliyeifanya ni dereva. Mwaka uliofuata Russell alikwenda Mercedes, nasi tukarudi mkiani na pointi 8. Hapo niliona kwa macho kwamba dereva mzuri anaweza kuifanya timu mgonjwa ionekane imepona, na akiondoka unajua homa haikushuka.

Februari 2023 James Vowles akaanza kazi Grove kama bosi wa timu, akitokea Mercedes alikokuwa mkuu wa mikakati. Baadaye akaja kueleza hadharani alichokikuta. Orodha ya vipande vya gari, karibu 20,000, ilikuwa kwenye jedwali la Excel. Haikuonyesha kipande kinagharimu kiasi gani, kinachukua muda gani kutengenezwa, wala vingapi vimeagizwa na havijaja. Kutafuta kipande kilichopotea maana yake ilikuwa mtu kunyanyuka na kuzunguka kiwandani akikitafuta kwa macho.

Nilipomsomea Dada habari hiyo hakucheka kama nilivyotarajia. Alitaka kujua nani anaruhusiwa kufuta mstari kwenye hilo jedwali. Sikujua. "Basi ndiyo hiyo Sochi yenu," akasema, akaendelea na shughuli zake.

Ukitaka kujua kwa nini habari hii ina uzito, fikiria kazi yenyewe. Gari la langalanga halikamiliki likazinduliwa likaachwa. Wakati wa msimu bawa la mbele linabadilika, sakafu inabadilika, viunzi vya kuzuia mshtuko vinabadilika, na kila badiliko linavuta mamia ya vipande vidogo ambavyo lazima vifike uwanjani pamoja. Mbunifu anaweza kuona jambo zuri kwenye handaki la upepo, mahali umbo la gari linapopimwa kwa upepo, mwezi Machi, na ikiwa orodha yako haijui nati iliko, litafika kwenye gari Julai, wenzako wakiwa wameshapita. Shabiki aliyeko nyumbani anaona gari halina kasi, anamlaumu aliyelichora. Tulimlaumu mchoraji miaka mingi.

Kanuni nazo zilikuwa zimeanza kutupendelea. Kuanzia 2021 kuna ukomo wa matumizi, dola milioni 145 mwaka wa kwanza, na muda wa handaki la upepo unagawiwa kwa msimamo: tangu 2022 bingwa anapata asilimia 70 ya kiwango, wa kumi anapata 115. Hivyo fedha peke yake haikuwa kisingizio tena. Fundi alinikumbusha hilo mara nyingi kuliko nilivyopenda. Nilichomjibu, na bado nasimama hapo, ni kwamba ukomo unawalinganisha watu katika kununua, haulinganishi walichokwisha kununua. Aliyejenga kiwanda cha kisasa kabla ya 2021 alianza na kiwanda. Sisi tulianza na Excel.

Sasa Melbourne, Machi 2024.

Dereva wetu Alex Albon aligonga ukuta Ijumaa, mazoezi ya kwanza. Chesisi ikaharibika kiasi cha kutotengenezeka pale uwanjani. Timu ya kawaida inasafiri na chesisi ya tatu kwenye makontena. Williams haikuwa nayo. Ilikuwa haijamalizika kutengenezwa, kwa sababu majira yale ya baridi Vowles na watu wake walikuwa wameamua kubadili namna ya kuunda gari na kuliunda gari lenyewe kwa wakati mmoja, kazi ikawaelemea, na gari lililotoka lilikuwa zito kuliko ilivyopaswa na limechelewa. Uamuzi ukatolewa: Albon apewe gari la mwenzake, Logan Sargeant. Sargeant, ambaye hakugonga kitu, akae nje.

Hatujawahi kubishana vile. Fundi alisema ni hesabu nyepesi, kwani mwaka uliotangulia Albon alileta pointi 27 kati ya 28 za timu. Mzee akasema mtu hanyang'anywi farasi wake kwa sababu jirani kamuua wa kwake, na akaapa Ferrari isingefanya hivyo, jambo ambalo hakuna aliyeliamini. Mimi hesabu niliiona, ni fani yangu, na niliona ni sahihi na ni mbaya kwa pamoja. Mwanafunzi aliyekuja na kalamu yake hupokonywi ukampa aliyevunja ya kwake, hata kama huyo wa pili ndiye atakayefaulu. Dada alisubiri tuishiwe maneno. "Mnabishania Jumamosi," akasema. "Kosa ni la Desemba."

Albon akamaliza wa kumi na moja. Pointi hakuna.

Na kilichofuata kilikuwa ajali juu ya ajali. Suzuka magari yote mawili yaligonga ndani ya wikendi moja. Zandvoort la Sargeant liliwaka moto kwenye mazoezi, na hiyo ikawa wikendi yake ya mwisho nasi; Franco Colapinto akachukua kiti. Brazil, kwenye mvua, yote mawili yakasambaratika kwenye kupanga nafasi, Albon hata hakuanza mbio. Kila nilipoona vipande vya kaboni njiani nilikuwa namfikiria mtu wa stoo kule Grove. Tukamaliza wa tisa na pointi 17, wakati 2023 tulikuwa wa saba na 28.

Wenzangu wakauliza, kwa haki kabisa: huko ndiko kupona? Mmeshuka. Hapo ndipo naona mashabiki wengi tunapotea, wa timu yoyote ile, na wa mpira pia. Tunadhani kupona ni kuanguka kulikogeuzwa, kwamba kama ulishuka ngazi kwa ngazi basi utapanda ngazi kwa ngazi. Williams ilishuka 2024 kwa sababu ilikuwa inatengenezwa. Iliposhika nafasi ya tatu 2014 haikuwa inatengenezwa. Sikuweza kulithibitisha hilo kwa pointi, kwa hiyo nilitafuta ushahidi kwingine: nani anakubali kuja? Mbio zile za Melbourne, ambazo Sargeant alizitazama amesimama gereji, alishinda Carlos Sainz wa Ferrari, wiki mbili tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Ferrari walikuwa wameshampa Hamilton kiti chake. Julai 29 Sainz akasaini Williams. Mshindi wa Melbourne kaiona Williams ya Melbourne, kaona hakuna chesisi ya tatu, na bado kaja. Mzee hakunisemesha siku ile.

Februari 2025 gari jipya lilizinduliwa Silverstone likiwa linatembea lenyewe, mapema, kabla ya majaribio ya Bahrain. Mimi nilikuwa naangalia rangi na mabawa. Dada alitazama kidogo akasema, "Limefika," na kwa mara ya kwanza akaniuliza bei ya jezi.

Msimu ule nimeshausimulia mno kwa yeyote aliyekubali kusikiliza. Vowles alisema wazi tangu mwanzo kwamba akili na handaki la upepo vimeelekezwa kwenye kanuni mpya za 2026, kwa hiyo gari lile halingeendelezwa sana, na halikuendelezwa. Albon alikusanya pointi mapema, mbio baada ya mbio, nafasi ya tano hapa, ya nane pale. Sainz alihangaika nusu ya kwanza, mengine bahati mbaya, mengine mkakati, kisha Baku mwezi Septemba akaanza wa pili na kumaliza wa tatu, kwenye mbio kamili, mizunguko yote, bila mvua ya kusingizia. Qatar akarudia. Tukamaliza wa tano na pointi 137: Albon 73, Sainz 64. Mgawanyo huo naupenda kuliko jumla yenyewe, kwa sababu enzi za Russell ungeona dereva mmoja na timu isingeonekana.

Fundi hakukubali kirahisi. Injini ni ya Mercedes tena, akasema, kama 2014, na 137 haifiki hata nusu ya 320. Ni kweli haifiki, na 2025 mbio zilikuwa nyingi zaidi. Lakini safari hii injini hiyohiyo walikuwa nayo McLaren, Mercedes wenyewe na Aston Martin, na wenzetu wa injini nyingine hawakuwa nyuma yetu kwa sababu ya injini. Aston Martin wana kiwanda kipya, wana handaki jipya la upepo, na tangu Machi 2025 wana Adrian Newey. Walimaliza wa saba.

Hilo nilimwekea Mzee makusudi, maana ndiye aliyenihubiria miaka yote kwamba Williams ilikufa siku Newey alipotoka mlangoni. Akatulia, akakunja mikono. Akasema Newey hakwenda kuchora gari la 2025, ameketi anachora la 2026.

Nikamwambia sisi pia.